Sauti ya Wageni wa Juu

Watazamaji walikuwa na maoni juu ya kila kitu. Kinyozi mmoja alipiga simu kituo cha televisheni kulalamika kwamba wale viumbe wa tamthilia wana vichwa vidogo mno: hizo akili za kuendesha chombo kutoka nyota nyingine wanaziweka wapi, mifukoni? Mwalimu wa shule ya msingi alisema watoto wake hawaendi tena chooni bila kusindikizwa, na yeye mwenyewe akienda huenda akiimba. Dereva wa lori alitaka kujua kwa nini wanachukuliwa warembo tu. Mama mkwe wake amekaa uani wiki nzima, alisema, na hakuna aliyeshuka.

Lakini juu ya sauti hakuna aliyetania.

Katika tamthilia ile fupi, *Wageni wa Juu*, watu hawakuchukuliwa kwa moto wala ngurumo. Mtu alikuwa peke yake, anafagia, anafunga dirisha, mara mvumo mwembamba ulisikika, ukapanda, ukakatika, ukapanda tena, kama kitu kinachojifunza kupumua. Mtu akageuza kichwa. Picha ilipohama na kurudi, ufagio uko sakafuni na mwenyewe hayupo. "Ile sauti inaniita mimi," aliandika mtazamaji mmoja. Mwingine aliandika: "Nimezima televisheni, nikaendelea kuisikia jikoni." Na mzee mmoja, kwa lugha ya kiungwana: "Naomba mtuambie mmeitoa wapi, maana mke wangu hulia kila akiisikia na hajui analilia nini."

Fundi sauti wa kituo aliyasoma yote hayo, akatulia kama maji ya mtungini.

Kazini walimwita Masikio. Si kwa ukubwa wa masikio yake, ingawa hayakuwa madogo. Alikuwa na uwezo wa kukaa chumba cha kurekodia na kukwambia kwamba feni ya chumba cha tatu inaanza kuchakaa. Ukidondosha sarafu nyuma yake alijua imeangukia wapi bila kugeuka. Mwongozaji wa tamthilia alimtegemea kwa hilo na hakumshukuru hata siku moja. Huyo mwongozaji walimwita Kamanda, kwa kuwa aliongea na kila mtu kama yuko kwenye gwaride.

Wakati wa kutengeneza tamthilia, Kamanda alikataa kila sauti aliyoletewa. Masikio alipiga vyuma, akapuliza chupa, akarekodi mlango wa jokofu na kuuvuta mpaka ukalia kama ng'ombe.

"Hii ni mashine," Kamanda alisema. "Na hii ni nyuki. Nani anaogopa nyuki wa televisheni? Mimi nataka sauti ya mtu ambaye si mtu! Kesho asubuhi, Masikio. Ukishindwa niambie, wenye masikio wako wengi."

Nyumbani kwake, ndani ya soksi ya zamani, Masikio alikuwa na kaseti.

Alipokuwa mdogo waliwahi kupewa redio ya kaseti, na yeye akarekodi dunia nzima: birika likichemka, lango likilia, mvua juu ya bati. Siku moja alimrekodi dada yake akikunja nguo. Dada huyo nyumbani walimwita Kinanda, kwa sababu hakuweza kufanya kazi yoyote bila kuimba, mdomo umefumbwa, sauti inatokea puani na kifuani. Siku ile alikuwa akiimba wimbo wa kuanulia nguo. Ulikuwa wimbo wa mama yao, hauna maneno. Mama aliutunga mwenyewe zama za kufua nguo za watu huku mtoto yuko mgongoni, na hapakuwa na mtu nje ya nyumba ile aliyeujua. Kabla haujaisha utepe ulikwisha, na wimbo ukabaki nusu.

Kisha ikaja alasiri ya wingu. Mama alikuwa jikoni, akapaza sauti: "Anua nguo, mvua!" Kinanda akajibu, "Naanua, mama," akatoka uani. Mvua ikanyesha, ikakatika. Beseni walilikuta chini ya kamba, nusu ya nguo zimo ndani, nusu zinachuruzika maji juu. Lango la nyuma lilikuwa wazi. Alikuwa msichana mzima aliyemaliza shule, si mtoto wa kudanganywa kwa peremende. Polisi waliuliza, majirani wakatafuta, kila mtu kwa wakati wake akachoka.

Mama hakuchoka. Gauni la Kinanda, lenye maua ya njano, alilifua na kulirudisha kambani, na hapo ndipo lilipokaa miaka yote hiyo. Likichanika alilitia kiraka. Hakutaka kuambiwa "amekufa" wala "amepotea". "Wamemchukua," alisema, na ukimwuliza akina nani alikutolea macho kana kwamba wewe ndiye unayetakiwa kujua.

Usiku ule Masikio hakulala. Alfajiri alikwenda kituoni na kaseti mfukoni, akaicheza kinyumenyume, akaipunguza mwendo. Kamanda alisikiliza, akajipangusa mikono iliyosimama vinyweleo.

"Hii," alisema kwa upole ambao haukuwa wake. "Umeitoa wapi?"

"Nimeitengeneza."

Alikuwa na hofu ya kufukuzwa, hilo ni kweli. Lakini chini ya hofu kulikuwa na kitu kingine: alitaka dada yake asikike kwenye kila nyumba, hata kama hakuna atakayejua ni nani.

Yupo aliyejua.

Nyumba ya mama ilikaa kwenye mteremko. Mvua za mwaka uliopita zilikuwa zimeondoka na choo cha jirani, na majirani wenyewe wakahama kabla hawajachukuliwa pamoja na nyumba. Ukuta wa chumba cha mama ulikuwa na ufa unaopitisha mkono. Baada ya kubembelezwa mwaka mzima, mama alikuwa amekubali kuhamia kwa mwanawe kabla mvua hazijaanza. Sufuria zilikuwa tayari kwenye makasha. Halafu *Wageni wa Juu* ikaanza kuonyeshwa.

"Sihami," alimwambia Masikio alipokwenda kumwona.

"Mama, huo ukuta utakulalia."

"Nimemsikia dada yako."

"Kwenye ile tamthilia? Mama, ile ni mashine tu. Mimi ndiye ninayeiendesha."

"Mashine ina pumu?"

Masikio akainama kuuchungulia ufa.

"Nimekesha na pumzi ya yule mtoto tangu ana siku saba," mama alisema. "Anavuta, inakwama hapa, anaivuta tena. Wameigeuza, wameirefusha, wameifanya wanavyotaka, ila pumzi ni ile. Yuko kwao, na anajaribu kusema. Sasa mimi niondoke? Akipata njia ya kurudi akute nini, beseni?"

Basi kila tamthilia ilipoonyeshwa alivuta kiti mpaka magoti yakagusa televisheni, na mvumo ukianza anaujibu: "Nipo, mwanangu. Nipo." Masikio aliwahi kukaa nyuma yake akayaona hayo, na alitamani ardhi immeze. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya kila alasiri, na ufa sasa ulipitisha kiwiko.

Akakata shauri. Jumamosi, baada ya kipindi cha maoni ya watazamaji kilichofunga tamthilia, angekwenda kwa mama na ile kaseti, aicheze mbele yake inavyotakiwa kuchezwa, aseme: ni mimi, mama, ni kaseti, hakuna aliyekuwa anakuita. Atalia, atamlaani, lakini atahama. Afadhali mama aliyemkasirikia kuliko mama aliyefukiwa na ukuta.

Kipindi kilikwenda hewani moja kwa moja mchana. Mtangazaji aliitwa Asali kwa ajili ya sauti yake, na Kamanda alikaa kando yake amevaa suti ya kupokea sifa. Masikio alikuwa nyuma ya kioo, anapokea simu na kuziingiza moja baada ya nyingine.

Mtu wa kwanza aliwasifu waigizaji. Wa pili aliuliza kama chombo kile ni sinia lililopakwa rangi, Kamanda akakasirika, kwa kuwa kweli lilikuwa sinia. Wa tatu alitaka tu kumsalimia shemeji yake.

"Tuna mtazamaji wa mwisho," Asali alisema. "Haya, uko hewani. Unatoa maoni gani?"

"Mimi sina maoni." Sauti ya mwanamke mtu mzima, tulivu. "Nataka kumrekebisha fundi wenu."

Asali akacheka. "Amekosea wapi, dada yangu?"

"Ameugeuza. Mnaupiga kutoka nyuma kuja mbele. Unaimbwa hivi."

Akaimba, mdomo umefumbwa.

Mkono wa Masikio ulikuwa juu ya kitufe cha kukata simu, akauondoa. Ule wimbo, kwa njia yake ya mbele, haukuwahi kutoka kwenye ile soksi. Ulipanda, pumzi ikakwama, ikavutwa, ukapanda tena. Ulifika mahali utepe ulipokwishia. Haukusimama. Ulishuka kidogo, ukajizungusha, ukaishia juu, kama mtu anayeuliza kama zimekauka zote.

Nyuma ya sauti ile mtoto alisema, "Mama, unamwimbia nani?"

"Jamani, vinyweleo vyangu!" Asali alisema. "Dada, tupe jina lako, na unatupigia kutoka wapi?"

"Sebuleni kwangu," mwanamke alijibu. "Mwambieni mwisho wake ndio huo. Aliukosa." Simu ikakatika, na namba haikuwa imejitokeza.

Kamanda alikuwa akipiga makofi upande wa pili wa kioo, akidhani Masikio ndiye aliyepanga.

Masikio aliazima pikapu ya kituo akaiendesha kama kichaa. Njia nzima aliyarudia yale aliyokuwa amepanga kumwambia mama, na kila alipofika kwenye "ni kaseti tu" ulimi uligoma. Si kaseti tu tena. Kaseti haikatai kusema jina lake. Kaseti haina mtoto.

Alimkuta mama uani. Televisheni ilikuwa ikiongea peke yake ndani. Mama alikuwa amelianua lile gauni na alikuwa analikunja taratibu, mikono ndani, kisha pindo.

"Umekuja na gari?"

"Nimekuja nalo."

"Pakia vyombo, basi. Unangoja nini?"

Masikio akatoa kaseti mfukoni. "Mama, kuna jambo. Ile sauti..."

"Ulimrekodi anakunja nguo. Nilikuona. Ulijificha nyuma ya pipa, matako yote nje." Alikaribia kucheka. "Sikujua tu kama uliitunza."

"Kumbe ulijua ni kaseti?"

"Nilijua ni pumzi yake. Ilikotoka sikujua. Leo ndiyo nimejua." Akakifunga kifungo cha shingo cha gauni. "Mtoto wake umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Mimi nimeuliza polisi, nimeuliza Mungu, nimewauliza hata hao wenu wa juu wenye vichwa vya ndimu: nani kamchukua mwanangu? Miaka yote. Sikuuliza hata siku moja kama alitoka mwenyewe."

"Labda si yeye."

"Haya, niimbie ule mwisho."

Masikio akafungua mdomo. Alikuwa ameusikia mara moja tu, saa ile, na tayari ulikuwa umemtoka. Akaufunga.

"Unaona? Huujui. Tulikuwa tunaujua wawili."

Ndipo hasira ilipompanda, hasira ambayo hakujua kama anayo. Dada aliyechukuliwa angemlilia mpaka kaburini. Lakini dada aliyeweka beseni chini, akafungua lango kwa mkono wake, akaenda, akazaa, akawa na sebule na televisheni! "Kwa nini hakutaja jina? Kwa nini hakusema anakuja? Tumngoje, mama. Sasa ndiyo tumngoje!"

"Umngoje wewe. Mimi nilikuwa nangoja mtu aliyekosa njia. Huyu njia anaijua." Mama akaliweka gauni kwapani. "Magoti yananiuma, baba. Nipeleke."

Alipakia makasha, akapakia kiti na televisheni. Mama aliingia kwenye gari mwenyewe, akakaa gauni likiwa mapajani, uso mbele. Hakuigeukia nyumba.

Masikio alirudi uani kufunga lango la nyuma. Matone ya kwanza yalikuwa yameanza kudondoka. Upepo haukuwapo, lakini kamba ilikuwa ikitikisika, kama inavyotikisika pale nguo inapotoka kuvutwa. Mama alikuwa ameanua kitambo.

Hapo akausikia wimbo. Mdomo umefumbwa, taratibu, mwanzo mpaka mwisho, ule mwisho unaopanda. Akajiambia ni mama, anaimba garini. Bila shaka ni mama. Lakini yeye, aliyejua sarafu imeangukia wapi bila kugeuka, alisimama pale mkono ukiwa karibu na komeo, akasikiliza kwa nguvu zake zote, na hakuweza kusema kama sauti ile inatokea mbele ya nyumba au nje ya lango.

Ukaisha.

"Umefunga?" mama aliuliza kutoka garini.

"Nimefunga," alijibu, akaliacha lango wazi kama lilivyokuwa.