Kengele Nyuma ya Paji

Saa tatu na nusu asubuhi daktari wa masikio, pua na koo alinawa mikono hadi viwikoni, kisha akaomba asomewe fomu mara ya mwisho. Mgonjwa: mwanafunzi wa bweni, kidato cha pili, aitwaye Wakili na wenzake kwa kuwa habishani bila kutaja kifungu cha sheria za shule. Paji limebonyea juu ya jicho la kushoto. Sababu: ameanguka kutoka kitanda cha juu.

Safu ya sababu hujazwa na aliyemleta mgonjwa, na daktari haruhusiwi kuigusa. Aliyemleta huyu ni mwalimu wa nidhamu. Alikuwa nje kwenye benchi, kengele yake ya shaba mapajani, ametulia kama mgeni rasmi.

Daktari alipitisha kamera nyembamba puani hadi kwenye uwazi ulio nyuma ya paji. Kwenye skrini mfupa ulionekana umevunjika vipande viwili. Juu ya kile kikubwa alisimama mwalimu wa nidhamu, urefu wa punje ya mchele, ameinua kengele kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba usogee, niinue huo mfupa."

"Marahaba. Sisogei. Huyu alinijibu mbele ya darasa."

"Sista, nyuma yake kuna nini?" daktari alimuuliza muuguzi.

"Ukuta mwembamba kama karatasi, daktari. Halafu ubongo."

Daktari akaingiza ndoano chini ya kipande, akakiinua pamoja na mwalimu aliyesimama juu yake. Kengele ikaishukia ndoano. Ndoano ikateleza, ikasimama unywele mmoja kabla ya ule ukuta wa karatasi. Hakuna aliyepumua, hata Wakili. Mashine ilikuwa ikipumua kwa niaba yake. Daktari akainua tena, polepole. Mfupa ukakaa.

"Tumtoe?" aliuliza sista.

"Hapiti. Kengele inakwama."

Sista akahesabu vifaa, akaandika vimetimia. Mwalimu hakuwamo kwenye orodha.

Mchana daktari alitoka hadi kwenye benchi. "Paji litapona. Hicho kitanda cha juu ni chake?"

"Cha mwenzake. Yeye hulala cha chini," alijibu mwalimu, akitia saini mahali pa mlezi. "Keshokutwa namrudisha bweni."

Daktari akaitazama safu ya sababu. Ilikuwa imejaa.

Mwalimu aliposimama, kengele ikalia kidogo kwapani mwake. Wodini Wakili, macho bado yamefumbwa, akajibu, "Nipo, mwalimu."