Barua Kumi na Tisa za Tabia

Mwaka 1975 Tabia binti Mtoro, bibi shamba wa Kiwangwa, aliomba kwa mara ya pili kwenda kusomea shahada ya pili ya kilimo. Mara ya kwanza alijibiwa mstari mmoja tu: nafasi zimejaa. Safari hii alikwenda mwenyewe hadi Dar kumuuliza karani wa chuo afanyeje asije akakataliwa tena.

"Dada, fomu yako haina watu," karani akamwambia. "Ambatisha barua mbili za watu wanaoijua kazi yako."

Moja aliipata kwa mkuu wake wa kazi, nayo ilisema kwamba Tabia hufika ofisini. Ya pili alikuwa bado anaitafuta pale alipofanya kosa la kumweleza mama yake, Bi Mize, nyumbani kwao Bagamoyo mjini.

"Barua mbili?" Bi Mize akashika kiuno. "Kwani wewe umeokotwa? Huna watu?"

"Mama, ndivyo wanavyotaka."

"Wanataka mbili kwa kuwa wengine hawana zaidi. Iache hapo hiyo bahasha ya fomu."

Tabia akacheka, akaiacha mezani, akaenda zake kazini Kiwangwa. Aliporudi Ijumaa hakuikuta. Bi Mize alikwisha kuipeleka posta, imefungwa kamba ya katani kwa kuwa gundi ilishindwa.

"Umetia nini humo, mama?"

"Watu," akajibu Bi Mize.

Baada ya wiki tatu Tabia akaitwa kwenye usaili. Alikuta jopo la watu watatu, na mbele yao rundo la barua. Mwenyekiti, mzee mwembamba mwenye miwani, aliitikia shikamoo yake, kisha akasema, "Binti, tumepokea barua kumi na tisa. Jana kazi zilisimama hapa."

Akaanza kusoma. Fundi Salumu, mshona nguo, alithibitisha kwamba mabega ya Tabia yako sawa na hajapata kurudisha gauni hata moja. Mwalimu wake wa madrasa aliandika kwamba alihitimu msahafu mapema, ingawa aliuliza maswali mpaka wenzake wakasinzia. Kisha ikaja ya Dadi, kijana wa Zinga aliyemposa mwaka juzi.

"'Alinikataa,'" mwenyekiti akasoma taratibu. "'Nikataka sababu, akanipa sita. Nimezichunguza moja moja, zote za kweli.'"

Tabia alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Sasa hii," mwenyekiti akaendelea, "ni ya Mzee Mwinjuma, mkulima wa mananasi, Kiwangwa. Naona huyu anakushitaki."

Akasoma: "'Waheshimiwa, huyu binti amenisumbua misimu mitatu. Mananasi yangu yalikuwa yakioza, nikamwambia ni jini la shamba. Akasema, kama ni jini litaozesha pande zote sawasawa. Akaniamuru nipande upande mmoja kwenye matuta na upande mwingine tambarare, maji yanapotuama, na kila wiki akaja kuhesabu miche kwa kidole. Tambarare ilioza miche mia mbili na kumi. Kwenye matuta, kumi na minne. Lile jini naona haya kulitaja tena. Mchukueni, nipumzike.'"

Mwenyekiti akaiweka barua mezani.

"Mbona hili halimo kwenye fomu yako?" akauliza mama mmoja wa jopo. "Umetuandikia kurasa nne za nadharia. Nimezisoma mara mbili, sikuambulia kitu."

"Nilidhani mnataka maneno makubwa," Tabia akasema. "Yale ni mananasi tu."

"Daftari la hesabu zake unalo?"

Alikuwa nalo mkobani. Wakamweka saa nzima, na mwishoni mwenyekiti alikuwa akichora matuta nyuma ya barua ya fundi Salumu.

Jibu likaja mwezi wa saba: amepokelewa. Bi Mize alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna posa, halafu akauliza, "Hivi shahada ya kwanza ilikuwa na kasoro gani?"

Tabia akaenda Kiwangwa kumpasha habari Mzee Mwinjuma.

"Alhamdulillahi!" mzee akapaaza sauti, akachinja jogoo, akaita na jirani. Alikula kwa furaha nyingi mno, hata Tabia akaanza kuumia roho. Wakati wa kuagana akamsindikiza hadi mwisho wa shamba, akasimama akikuna kidevu.

"Huko utakaa muda gani?"

"Miaka miwili, mzee."

"Miwili." Akageuka akayatazama matuta. "Basi likizo uje. Kuna muhogo huku nyuma, sipendi unavyoota."