Homa Mlangoni kwa Hemedi

Mwalimu Laurencia alikuwa anaanika shuka, Jumamosi asubuhi, pale miguu ilipomkatalia. Alishika kamba, kamba ikakatika, akajikuta amekaa mchangani na shuka bichi kichwani. Mbwa wake alimvua lile shuka kwa meno, akazunguka nyuma yake na kulala kiubavu ili mgongo wa mwalimu upate cha kuegemea. Kisha akabweka mara moja kuelekea ua wa makuti, kwa adabu, kama mtu anayepiga hodi.

Upande wa pili wa ua aliishi Bimkubwa, mjane wa makamo aliyelima mwani na kuuza vitumbua. Alikuja, akasimama mbali kidogo na mbwa, akauliza kulikoni. Hakusogea zaidi. Kwa Mbarouk, kitongoji kidogo hapo Mafia, mbwa si mnyama wa kuguswaguswa. Mate yake ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Isitoshe, mbwa huyu aliitwa Shemeji. Mwalimu alimpa jina hilo kwao Karagwe kwa utani, akavuka naye bahari bila kufikiri kwamba siku moja atasimama mlangoni akiita, "Shemeji, njoo ule!" na nusu ya wanaume wa kitongoji wageuke.

Zahanati walisema ni homa ya matumbo, wakampa vidonge. Iddi wa bodaboda alimrudisha nyumbani polepole, amefungwa kwa kanga ya Bimkubwa asidondoke, Shemeji akikimbia kando ya gurudumu.

Jioni Bimkubwa alileta uji wa mchele wenye pilipili manga, katika bakuli la bati lenye maua. Laurencia alikunywa kidogo, akaliweka chini, akasinzia. Asubuhi Bimkubwa alipokuja kuchukua chombo chake, alichungulia mlangoni akaona pua ya Shemeji imo ndani ya bakuli mpaka machoni.

"Kaa nalo tu, mwalimu," alisema, akaenda zake.

Siku ya pili uji ulikuja katika bakuli jingine. Hilo nalo hakulitaka.

Mgonjwa hana kazi ila kuwaza. Laurencia alilala akiyatazama mabakuli yale yakipangana chini ya dirisha, na akili yake ikaanza kutembea peke yake. Mtu gani huleta chakula halafu asitake chombo chake? Walimu wenzake wa bara walikuwa wamemwonya siku ile anaaga: watu wa visiwani wapole, lakini chunga unachokula. Alicheka wakati ule. Sasa, ulimi umemkauka na tumbo linasokota, hakuona cha kuchekesha. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, na aliyekuwa karibu naye kuliko wote alikuwa Bimkubwa.

Basi akaanza kumpa Shemeji uji kwanza, kumjaribia. Mbwa akiwa mzima mpaka adhuhuri, yeye angekunywa uliobaki. Lakini kufika adhuhuri uji ulikuwa umepoa na kuganda, naye hakuutamani tena. Shemeji akanenepa. Mwalimu akabaki mifupa na macho. Kiu ikimshika alikunywa maji ya kisimani, ya baridi, meupe, kwa moyo mkunjufu kabisa, kwa kuwa hayo hayakupitia mkononi mwa mtu.

Bimkubwa naye alikuwa na macho, na ua wa makuti una matundu. Aliona uji wake, aliouamkia kuupika, unaliwa na mbwa. Aliona mabakuli yake yanawekwa chini ya dirisha wala hayarudi. Akiwa kwenye mwani aliwauliza wenzake: mtu wa bara akikusanya vyombo vya jirani yake, anakusudia nini? Shamsa akasema hapana jema hapo. Bimkubwa akaanza kulala na Kurani chini ya mto. Uji hakuacha kupeleka, kwa sababu alikwisha weka nia, na mgonjwa ni mgonjwa hata akiwa mchawi.

Hali ilizidi kuwa mbaya. Iddi alileta madafu, akamtazama mwalimu usoni, akayaacha dirishani na kuondoka bila kuzima pikipiki.

Alfajiri moja, baada ya adhana, Shemeji alipandisha miguu ya mbele kitandani na kuivuta homa. Aliikamata chini ya mbavu, pale ilipokuwa imejishikiza, akaivuta bila pupa, namna mtu anavyomtoa pweza shimoni. Ikatoka. Ilikuwa laini, rangi ya maji ya kunde, ukubwa wa mkate wa kumimina, na ilifuka mvuke kidogo. Laurencia alihisi baridi ya asubuhi kwenye ngozi yake, akashukuru. Shemeji akatoka nayo kinywani, bila kuing'ata.

Kwao Karagwe inajulikana kwamba mbwa hafukii homa ya bwana wake, huirudisha ilikotoka. Kwa Mbarouk pia walilijua hilo, ila kwa kusikia tu, maana hakuna aliyefuga mbwa. Kwa hiyo Laurencia aliteremka kitandani, akashika ukuta, akajikokota mpaka mlangoni kwenda kushuhudia. Alijua mbwa atasimama wapi. Tena, aibu iliyoje, alitamani asimame hapo. Alitamani awe ni Bimkubwa, kwa sababu ugonjwa uliotoka kwa mtu una wa kumlaumu.

Shemeji akasimama mlangoni kwa Bimkubwa.

Bimkubwa alikuwa anatoka na ndoo. Alimwona mbwa, akaiona homa, akamwona mwalimu kule mlangoni anamtazama. Ndoo ikabaki inaning'inia mkononi mwake. Uso wake ulikunjamana kama wa mtu anayesubiri kupigwa kofi mbele ya watu. Shemeji akainua mguu, akakojolea nguzo ya ua, akaendelea na safari.

Alipita kisima. Akafika kwenye nyumba mpya ya wageni ya Hemedi, akaitua homa juu ya kifuniko cha shimo la choo, akarudi nyumbani akitikisa mkia.

Shimo lile lilikuwa hatua chache tu juu ya kisima. Hemedi alilichimba hapo kwa sababu kwingine kulikuwa na jiwe, na yeye hakuwa na subira na jiwe. Kila mtu alimwona akichimba. Lakini Hemedi ndiye aliyeezeka madrasa kwa bati, ndiye mwenye nyumba aliyopanga mwalimu, na ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba choo chake kinanuka, itabidi useme na wewe unanukia nini. Watu walinyamaza, wakaendelea kuteka.

Mchana Bimkubwa alikuja akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mama," Laurencia alisema.

"Marahaba. Ulitaka aitue kwangu."

Laurencia hakukana. "Mama, kwa nini hukutaka mabakuli yako?"

"Mbwa wako kayaramba! Nioshe mara saba kila kukicha, na kisima kilivyo mbali, na mgongo wangu huu? Nikaona bora nikuachie." Bimkubwa akakaza kanga kiunoni. "Na wewe unampa mbwa uji wangu kwa nini? Nimekukosea nini, mwanangu?"

Laurencia akamweleza. Alieleza huku analia, maana aibu ilimwingia mpaka kwenye kucha. Bimkubwa alimsikiliza, akachukizwa, akacheka, akachukizwa tena.

"Nami niliwaambia watu unaniroga," alisema mwisho. "Basi tumelipana. Leta sufuria, nikuchemshie maji."

Maji yaliyochemshwa na uji wa moto vilimwinua mwalimu kitandani. Shemeji aliendelea kuvuta homa iliyobaki, kila alfajiri kipande kidogo kuliko cha jana, na kila kipande alikitua pale pale kwa Hemedi. Laurencia alipopata nguvu ya kusimama bila ukuta, jambo likapelekwa barazani kwa Ussi, mwenyekiti wa kitongoji.

Hemedi alikuja na kanzu iliyopigwa pasi. Hakukataa kwamba homa zipo mlangoni kwake. Alisema ameziona mwenyewe. "Ila ushahidi wa mbwa haukubaliki popote, dini wala serikali," alisema. "Mnyama mwenyewe najisi."

"Hapo kweli," alisema Ussi.

"Mlihamishe lile shimo," Laurencia alisema. "Watu watakufa."

Hemedi alimgeukia kwa upole mkubwa. "Mwalimu, ile nyumba yangu uliyomo haivuji? Maana nina wapangaji wengine wanaiulizia."

Laurencia akakaa chini. Wazee wakaafikiana kwamba suala litafuatiliwa.

Mvua za vuli zikaanza, na Bimkubwa akaanguka. Alizoea kumchemshia mwenzake, yeye mwenyewe akinywa maji ya kisimani bila kuyachemsha, kama mama yake na bibi yake walivyokunywa. Shemeji alikwenda akasimama kizingitini kwake, asiingie. Bimkubwa alimtazama kutoka kitandani muda mrefu. Aliyekuwa akimwuguza ni Chiku, jirani wa nyuma, na mtoto wake mgongoni.

"Chiku," alisema Bimkubwa, "niwekee beseni lenye udongo hapo mlangoni. Nitaosha nikipona. Aingie."

Shemeji akaingia.

Baada ya hapo ikawa kawaida. Kila nyumba yenye mgonjwa iliweka beseni la udongo mlangoni, na hiyo ndiyo ilikuwa alama. Adhana ikimalizika, Shemeji alianza upande wa bahari na kumalizia upande wa minazi, na watu walimpisha njiani wakikunja kanzu zao. Shamsa, aliyesema hapana jema, ndiye aliyekuwa wa kwanza kumtupia kichwa cha samaki changu. Watoto walimsalimia shemeji yao bila kucheka. Homa zilijipanga juu ya kifuniko cha Hemedi zikifuka mvuke, na kwa kuwa wageni hawakupenda kuamka na kuziona, Hemedi alimwajiri Jumanne azifagie mapema. Jumanne alizifagia kuelekea mteremkoni, kama mfagiaji yeyote mwenye akili, na mteremko ulikwenda kisimani.

Laurencia alimwona Jumanne akifagia. Bimkubwa alimwona. Wateka maji walisubiri amalize, ndipo wakatia ndoo.

Shemeji alianza kukonda. Mdomo ukamwota mvi, na asubuhi nyingine alikaa katikati ya njia, amefumba macho, homa ya mtu ikiwa imemlegea kinywani, kabla ya kujikusanya na kuendelea. Laurencia alimpikia dagaa, akamkanda miguu, akalala sakafuni kando yake akisikiliza anavyohema. Ulimuuma uchungu huo kuliko ule wa ugonjwa wake mwenyewe. Akaenda kwa Ussi.

"Mwenyekiti, shimo litahamishwa lini?"

Ussi alikuwa anatengeneza redio. "Kwani Shemeji anaumwa?"

"Amechoka."

"Aa." Ussi aliweka bisibisi chini, akafikiri kwa dhati. Hakuwa mtu mbaya. "Ni haki yake. Basi Ijumaa apumzike."

Kitongoji kizima kilikubali, na wengi walisifu huruma hiyo. Ijumaa ilipofika Laurencia alimfungia Shemeji ndani, naye akalala siku nzima. Mabeseni ya udongo yalisubiri milangoni, na moja lilikuwa la Chiku.

Mtoto wa Chiku alizikwa Jumamosi kabla ya adhuhuri. Hemedi alitoa sanda na mchele wa matanga. Baada ya dua Ussi alisimama, akawashukuru wote waliojitoa, akamtaja Hemedi kwa jina. Kisha akatangaza kwamba kwa lililotokea, kuanzia sasa, mbwa hatapumzishwa tena.

Watu wakaitikia amina.