Rangi Ndani ya Mkwaruzo

Tonin Fayolle alikuwa ameshatoa pesa mfukoni kabla Benoîte Peyrachon hajavaa miwani.

"Zirudishe, Tonin," Benoîte akamwambia. "Meza hii bei hutajwa kwanza."

"Bei naijua, mama. Daraja la kwanza ni faranga elfu nane, na daraja ameliandika marehemu kwa mkono wake." Tonin, mchimba makaa ya mawe mstaafu mwenye mabega mapana kama mlango, alikigonga kwa kidole kikadi kilichofungwa kwenye bastola iliyokuwa mezani. "Babu yangu alitengeneza hizi. Miaka arobaini nasubiri kupata moja isiyoguswa."

"Basi utasubiri dakika tano zaidi. Na futa mikono, ina mafuta ya viazi."

Watu wakacheka. Kwenye kona ya ukumbi wa soko la silaha za kale walikuwa wakikaanga maandazi bapa ya viazi vya kukuna, na tangu asubuhi nusu ya wanunuzi wa Saint-Étienne walikuwa wakishika silaha kwa vidole vinavyong'aa. Benoîte hakucheka. Mbele yake, juu ya kitambaa cheusi, ililala bastola ya jeshi ya mwaka 1873, silinda ya risasi sita, chuma cheupe kitupu kama kilivyotoka katika kiwanda cha mji huu huu. Mwenye nayo, Régis Chazot, mkulima kutoka juu mlimani, alisimama kando na kofia mikononi. Kikadi nacho kilikuwa na maandishi ya Fleury, mumewe Benoîte, aliyezikwa siku za Kwaresima: *Daraja la kwanza. Haijaguswa tangu itoke kiwandani.*

Fleury aliikalia meza hiyo miaka ishirini, akikagua silaha za watu na kuzipa daraja na bei. Sheria yake ilikuwa fupi. Anayetaja bei siku hiyo hanunui wala hauzi, na bei huitaja kwa sauti, kila mtu asikie. Kabati nyingi za mji zilikuwa na kikadi chake chini ya mashuka. Mwaka huu kamati ilimwachia mjane wake kiti kwa heshima ya msiba, lakini jioni hiyo walikuwa na kikao cha kuamua kiti kiende kwa nani. Benoîte alijua vizuri kwamba kilichomweka pale ni jina la Fleury. Na aliyekitaka kiti alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka mezani, koti zuri, viatu vya Lyon.

"Mimi nimeshaiangalia, Mama Peyrachon," akasema huyo Bwana Darcieux, mfanyabiashara wa silaha za kale. "Usijichoshe macho. Elfu nane, haina ubishi. Neno la marehemu ni dhahabu."

"Laki nane za zamani!" akadakia kikongwe mmoja nyuma, kwa maana wazee wa pale walikuwa bado wanahesabu kwa faranga za zamani zilizokwisha kufutwa, mia kwa moja mpya. "Siku zetu ungenunua nyumba!"

"Nyumba ya kuku," Tonin akamjibu bila kugeuka.

Benoîte aliichukua bastola. Alianza na namba, kama siku zote: mwilini, kwenye silinda, kwenye nyundo, ndani ya kilango cha risasi, kwenye vipande vyote viwili vya mpini. Zote moja. Akapitisha ukucha kwenye kingo za mtutu. Zilikuwa kali, hakuna aliyezisugua zikawa butu. Herufi za kiwanda zilisomeka hadi nukta ya mwisho. Ilikuwa kazi safi. Kila alipokutana na kazi kama ile kifua chake kilipanuka kidogo, maana baba yake alikuwa mpika chuma kwenye kiwanda kile, na yeye alikua akitumwa kumpelekea chakula kwenye tanuru. Huko ndiko alikojifunza rangi. Chuma kilichong'arishwa ukikitia moto taratibu kinageuka njano ya majani makavu, kisha hudhurungi, kisha zambarau, kisha buluu. Bastola za askari ziliachwa nyeupe, ila kifyatulio na vipande vingine vidogo vilitolewa motoni katika ile njano ya kwanza. Wageni wengi huiona njano hiyo wakaidhania kutu, wakaisugua mpaka ikaisha, na thamani ikaishia kwenye kitambaa.

Ya Régis ilikuwa nayo bado, tena nzuri. Nzuri mno.

Akavuta kioo cha kukuzia. Ubavuni mwa kifyatulio palikuwa na mkwaruzo mfupi. Akauinamia. Njano iliteremka ndani ya mkwaruzo ule mpaka chini kabisa. Pembeni yake vishimo vitatu vidogo vya kutu iliyokwisha kung'olewa, navyo vya njano.

Mkwaruzo hukata rangi. Rangi haiingii mkwaruzoni yenyewe. Mtu alikitoa kifyatulio hiki, akakisafisha kutu, akakirudisha motoni.

"Régis, mwanangu," akasema polepole, "tangu Fleury aiangalie, nani mwingine ameifungua?"

"Hakuna. Naapa kwa kaburi la mama. Miaka tisa ilikuwa kwenye soksi ya sufu, ndani ya kabati."

Benoîte aliziangalia skrubu. Alitamani kuziona zimekwaruzwa upya, ili lawama iende kwa mwingine. Lakini mifereji yake ilikuwa imejaa nta ya rangi ya asali iliyochanganywa na mafuta ya kondoo. Aliijua. Aliipika mwenyewe, kwenye sufuria ya jikoni kwake, na Fleury aliipaka kwenye kila silaha aliyoikagua. Nta ile haikuwa imevunjwa. Kijana hakusema uongo. Kifyatulio kilikuwa hivi hivi siku Fleury alipokishika.

Fleury alikosea.

Ukumbi ulikuwa ukingoja. Angetamka maneno mawili tu, elfu nane, na kila mtu angekwenda zake akifurahi: Tonin, Régis, hata yule wa Lyon. Jina la Fleury lingebaki kama lilivyokuwa. Benoîte alishika msalaba mdogo shingoni. *Bwana, usiniache niseme uongo mbele ya watu hawa kwa kumpenda,* akaomba, na alipoinua uso sauti yake ilikuwa imetulia.

"Elfu tano na mia tano," akasema, wote wasikie. "Namba zake, chuma chake, mpini wake, vyote vya asili. Kifyatulio kimepikwa upya na fundi wa mitaani. Daraja la pili."

Kelele zikalipuka.

"Mama!" Régis akaiva uso. "Unamkana mumeo?"

"Simkani. Nasema alikosea."

"Mjane mwenyewe!" Darcieux akawageukia watu, mikono wazi. "Mmesikia? Basi kadi zote za Peyrachon ni za kuwashia jiko. Na bado, mama, kwa heshima yote, hiyo rangi ni ya kiwandani. Mimi nimeuza hizi mia mbili."

"Kuuza umeuza," Benoîte akasema. "Kuangalia je? Tonin, njoo. Inamia hapa. Ule mkwaruzo unauona? Chini yake kuna rangi gani?"

Tonin akainama, pua karibu iguse chuma, akipumua kama punda wa mgodini. "Njano."

"Mpaka chini?"

"Mpaka chini."

"Sasa, Bwana Darcieux, tuletee ile ya kwako, ile uliyoiweka mbele kabisa kwenye meza yako. Si ina kadi ya Fleury?"

Darcieux akasita. "Ile bei yake imeshapangwa."

"Siigusi bei yako. Nataka kifyatulio tu."

"Lete, bwana!" yule kikongwe akapiga kelele. "Au mkono unauma?"

Akaileta, kwa kuwa macho yote yalikuwa mgongoni kwake. Benoîte akazilaza bastola mbili sambamba kwenye kitambaa cheusi. Ile ya Darcieux rangi yake ilikuwa imefifia, imelika pale kidole cha askari kilipokaa, ikabaki nzito pembeni tu. Mtu asiyejua angeiita chafu. Nayo ilikuwa na mkwaruzo wake.

"Tonin."

"Kijivu," Tonin akasema akiwa bado ameinama. "Chini ni kijivu, kingoni njano. Imekatwa kama maganda ya chungwa." Akainuka taratibu, akamtazama yule wa Lyon. "Wewe ungeniacha nilipie ile ya Régis elfu nane."

"Na hii ya Darcieux Fleury aliiona sawasawa," Benoîte akasema. "Alichoandika ndicho kilichopo. Moja alipatia, moja alikosea. Ningeweza kuwaficha hiyo moja. Mngejuaje basi kama hii nyingine ni ya kweli?"

Darcieux aliichukua bastola yake, akakiangalia kifyatulio chake kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia, akarudi nayo mezani kwake bila kuaga.

Régis alibaki akizungusha kofia. "Elfu mbili na mia tano zimeruka hivi hivi," akanung'unika.

"Hazikuwa zako," Benoîte akamwambia, kwa upole. "Zilikuwa za Tonin."

"Nazo zinabaki za Tonin!" Tonin akasema. Kisha akakuna kidevu. "Elfu tano na nusu natoa. Nilitaka isiyoguswa, haya, hii imeguswa kidogo. Hata mimi nimeguswa kidogo, mgodi ulinila vidole viwili. Mtutu wake ni wa babu. Lakini nataka kadi."

Benoîte akavuta kile kikadi cha Fleury. Hakukichana, wala hakufuta neno. Chini ya maandishi ya mumewe, kwa mwandiko wa mviringo aliofundishwa na masista darasa la nne, akaandika: *Fleury alikosea kifyatulio. Kimepikwa upya. Mengine yote ni ya asili. Daraja la pili.* Miaka ishirini alimshikia Fleury kioo, akamfutia chuma, akamnong'onezea rangi pale macho yake yalipochoka na akamwuliza, na hakuwahi kuweka jina lake kwenye karatasi hata moja. Akaliandika lote, Benoîte Peyrachon, akapuliza wino ukauke.

Tonin alikisoma mara mbili, akakiingiza kwenye mfuko wa shati upande wa moyo, akamhesabia Régis pesa zake. Wakapeana mikono, na Régis, baada ya kuwaza kidogo, akamwinamia Benoîte, kofia kifuani.

Benoîte alipoinua macho, mbele ya meza palikuwa na mama mmoja mwenye kifurushi cha taulo, na nyuma yake mwanamume mwenye kisanduku cha viatu, na wengine wakitoka mlangoni mbio kuelekea majumbani, wakiambizana wakalete silaha zao zenye kadi za Fleury ziangaliwe kabla ukumbi haujafungwa. Marcellin, mwenyekiti wa kamati, alisogea mpaka mezani. Mkononi alikuwa na karatasi ya kikao cha jioni, imekunjwa mara nne, na chini ya kwapa bastola ya baba yake ndani ya gazeti.

"Mama Benoîte," akasema kwa sauti ya chini, "kile kikao hakina haja tena, kiti ni chako. Ila na mimi nina kadi ya Fleury. Naomba uniangalizie."

"Nitakuangalizia," Benoîte akamjibu, akifuta kioo kwa pindo la aproni. "Panga foleni nyuma ya yule wa kisanduku."