Nanga wa Timu Isiyo Yake

Wifi yake ndiye aliyeleta gazeti. Aliingia hata hodi hajaimaliza, akasukuma vikombe vya chai pembeni, akalitandaza mezani. "Wifi, kumbe wewe ni mchezaji wa kulipwa, na sisi ndugu tunasikia mitaani."

Mwanamke aliyeambiwa hayo alikuwa dobi katika hospitali kubwa ya mji wao, na kazini wote walimwita Nanga. Jina lilitokana na mchezo. Wafanyakazi wa chumba cha kufulia walikuwa na timu yao ya kuvuta kamba, timu ya ridhaa, ya watu wanaovuta baada ya kazi kwa kupenda tu. Yeye ndiye aliyesimama mwisho kabisa, kamba imempita begani na mgongoni, visigino vimezama ardhini. Wenzake wakiyumba, yeye hayumbi.

Akaliinamia gazeti. Ukurasa wa michezo, ambao siku zote ni mpira wa miguu juu hadi chini, safari hii ulikuwa umeipa kamba nafasi kubwa. Picha ilikuwa yake: mashavu yamevimba, macho yamemtoka pima, mdomo umepinda. Lakini maneno ya chini yalisema, "Nahodha wa timu ya kulipwa akiwaburuta wapinzani kuelekea ubingwa."

"Wapinzani ndio sisi," alisema polepole. "Mimi ndiye niliyeburutwa."

"Sasa mbona wameandika nahodha?"

"Sijui, wifi."

Mumewe, fundi wa mafriji, alilisoma akarudia, akacheka. "Haya nahodha, leo nani anapika?" Alipoona mkewe hacheki, akalivuta gazeti karibu.

Walipoitazama picha vizuri ndipo walipoona kilichotokea. Ilikuwa fulana. Timu ya kulipwa ilidhaminiwa na kiwanda cha rangi, na kila msimu ilipata fulana mpya; zile kuukuu iliwagawia madobi. Kwa hiyo siku ya mashindano pande zote mbili zilikuwa na jina la kiwanda kifuani, ila za madobi zilikuwa zimepauka. Mpiga picha alikuwa amesoma kifua, hakuuliza uso ni wa nani.

Kesho yake kazini, msimamizi alimwita kando, penye vikapu vya shuka chafu.

"Mwajiriwa wa hapa haruhusiwi kuwa na ajira nyingine. Umesaini nao lini?"

"Sijasaini, mzee. Gazeti limekosea."

"Gazeti zima?"

Lakini la msimamizi lilikuwa dogo. Kwenye pasi kubwa ya shuka alisimama Mama Pacha, nahodha wao wa kweli, rafiki yake wa miaka mingi, na asubuhi hiyo hakuitikia salamu.

Siku ya mashindano madobi walikuwa wameshinda mvuto wa kwanza kati ya mitatu. Wa pili wakashindwa. Wa tatu, wakati timu ya kulipwa imeshaanza kuhema, mguu wa Nanga uliteleza, na mstari mzima ukaanguka juu yake kama nguo kutoka kambani. Wote walisema nyasi zilikuwa na umande, yakaisha. Sasa yalikuwa hayajaisha.

"Nikuulize, dada, na usinifiche," alisema Mama Pacha, mikono bado inakunja shuka. "Ule mguu uliteleza, au uliutelezesha?"

"Uliteleza."

Alijibu kweli, lakini alichelewa kidogo kujibu, na wote wawili walikusikia kule kuchelewa. Maana palikuwa na jambo. Kabla ya mvuto ule, kocha wa timu ya kulipwa alipita karibu yake akamwambia, "Mama, mtu kama wewe alistahili kuwa kwetu." Naye akatabasamu. Tangu Mama Pacha aulize, alikuwa akijaribu kuukumbuka mguu, na kila akiukumbuka anaona lile tabasamu. Akili ikamzunguka kama pia. Lisemwalo lipo, watu husema. Je, lilikuwepo, na yeye mwenyewe hakuambiwa?

Siku yake ya mapumziko akaenda ofisi za gazeti. Mhariri wa michezo alimpokea vizuri, akamvutia kiti.

"Ile ndiyo picha bora tuliyopata mwaka huu," alisema.

"Lakini mimi si wa timu ile."

"Mama, habari ilikuwa yao. Wana mdhamini, wana msemaji, wana mashabiki. Picha ikawa yako. Tukaviweka pamoja."

"Na sisi?"

"Ninyi mlishindwa."

"Mvuto wa kwanza tuliwashinda."

Mhariri akaacha kuchezea kalamu. "Hilo sikuambiwa."

"Kwani hukuwepo?"

"Mpiga picha alikuwepo. Maelezo tuliletewa na msemaji wao." Akakohoa. "Tutasahihisha."

Wakasahihisha, chini kabisa, chini ya tangazo la matairi. Mwanamke aliyeonekana pichani, waliandika, si mchezaji wa timu ya kulipwa bali ni shabiki. Gazeti linaiomba radhi timu hiyo.

"Limekuajiri, limekufukuza," alisema mumewe. "Shukuru halikukuzika." Safari hii Nanga naye alicheka, kisha akajikuta analia, na hakujua ni kwa lipi.

Msimamizi aliridhika na ushabiki. Jioni ya mazoezi Nanga alikwenda walikozoea kuvutia, nyuma ya chumba cha majenereta ya hospitali, kwa kuwa kubaki nyumbani kungekuwa kama kukiri. Mama Pacha akampanga katikati, na mwisho wa kamba akamweka dada mmoja wa zamu ya asubuhi.

Walifunga kamba kwenye tairi kubwa la lori lililojazwa mawe, wakavuta. Tairi likaenda upande. Wakavuta tena, kamba ikapinda kama nyoka. Mama Pacha akaitupa chini.

"Rudi nyuma," alimwambia Nanga.

"Umeniamini?"

"Bado sijui. Wewe mwenyewe unajua?"

Nanga alifikiri. "Kuna saa najua. Kuna saa sijui."

"Basi tuko sawa. Shika."

Akaenda mwisho, akaipitisha kamba mgongoni, akazamisha visigino. Tairi lilipoanza kusogea wenzake walishangilia. Nanga hakulitazama. Alikuwa akiitazama miguu yake.