Kofia ya Kubebea Maji

Katika kisiwa kimoja katikati ya ziwa Titikaka, wanawake husokota na wanaume hufuma, na kijana anayetaka mke humfumia baba mkwe kofia. Baba mkwe huijaza maji. Ikivuja, mchumba hurudi kwao kufuma nyingine, na kijiji humsaidia kwa vicheko.

Alipio Huatta hakuwa na wasiwasi. Alivuka ziwa hadi mji wa Puno akarudi na furushi la manyoya ya suri, aina ya alpaka, mnyama wa milimani afugwaye kwa manyoya, ambaye manyoya yake huning'inia kama nywele zilizotoka kuchanwa, yaking'aa kuliko kitu chochote ambacho Alipio alikuwa amewahi kukifanya kwa mikono yake. Akampa mchumba wake, Natividad, ayasokote. Natividad, aliyeshika pia ya kusokotea tangu ana miaka mitano, akamwambia kwa upole kwamba manyoya ya suri hayana mikunjo ya kushikana. Huteleza, na yakivutwa hayarudi. Kwa kofia atafute huakaya, alpaka wa manyoya ya kujikunja, ambayo hata ukiyavuta hurudi yenyewe. Na kama ni lazima iwe suri, basi uzi ukazwe sana.

Alipio alimsikiliza kwa subira ya mtu anayengoja mvua ipite. Kisha akamweleza kwamba mfumaji ni yeye, na kwamba uzi uliokazwa huparuza paji la uso. Alitaka uzi laini. Natividad akamsokotea uzi laini.

Siku ya kupimwa, mzee Delfín, baba yake Natividad, aliigeuzageuza kofia juani, mbele ya majirani. Ilimetameta. Akasema hajawahi kuona kofia nzuri hivyo, na kwa kuwa kusifu hakukuwa desturi yake, mkewe Jesusa akaanza kuingiwa na hofu. Kisha akamimina maji.

Kofia haikuvuja mara moja. Kwanza ilirefuka. Ilishuka taratibu kama kiwele cha ng'ombe aliyesahauliwa kukamuliwa, ikapita magoti ya mzee, matundu yakafunguka, na maji yote yakaishia miguuni pake.

"Hongera, mkwe," Delfín alisema. "Wenzako huleta kofia. Wewe umeniletea wavu wa samaki."

Alipio akasema maji yalikuwa mengi.

"Kosa letu. Tungetia mate."

Jesusa akamnong'oneza mumewe kwamba uzi ule ulisokotwa humu humu nyumbani. Delfín akakohoa. Kuikataa kofia ni kutangaza mbele ya majirani kwamba binti yake hajui kusokota. Akalitazama ziwa kidogo, kisha akatamka kwamba, akifikiria vizuri, maji ya mwaka huu ni mazito kweli. Kofia inaweza kupita. Majirani wakakubali, wote kwa nyuso za watu wanaozuia chafya.

Natividad alimtaka Alipio. Ndiyo maana alisimama.

"Haipiti, baba. Uzi ni mbaya, na ni wangu. Nilijua ni mbaya, nikausokota hivyo hivyo kwa sababu niliambiwa. Nikiolewa kwa kofia hii, nitasokota hivyo mpaka uzeeni."

Alipio aliikamua kofia, ambayo sasa ingemtosha punda, masikio yakiwemo.

"Huo uzi wa huakaya," alisema hatimaye, bila kumtazama mtu, "unakazwa kiasi gani?"

"Mpaka ukiulegeza mkononi ujiviringe wenyewe," Natividad alisema, akichukua pia yake. "Kaa hapa uone."

Alipio akaketi, kofia ikimchuruzikia mapajani, akatazama.