Mwanya wa Mwajabu

1.
Siku ile mjinga alikuwa Shemdoe mwenyewe, na asitafutiwe wakili. Alikuwa mpiga picha wa Studio Maua, Korogwe, Idi ya mwaka themanini na tatu. Penseli yake ya kurekebishia sura ilichongwa kali kama ulimi wa wifi.

2.
ORODHA ILIYOKUWA UKUTANI, KWA MWANDIKO WAKE

Picha ya pasipoti: sura uliyokuja nayo ndiyo utakayoondoka nayo. Tusilaumiane.
Picha ya harusi: chunusi zinaondoka, jasho linaondoka. Bwana harusi hatuwezi kumwondoa.
Picha ya Idi: pazia la ndege au pazia la maporomoko. Chagua kabla hujakaa.
Picha ya kumbukumbu:

(hapo karatasi ilichanika)

3.
Wewe unayesoma, pitisha ulimi kwenye meno yako mawili ya mbele. Ukikuta nafasi, hongera, huo ni mwanya. Kwetu wapo walioposwa kwa sababu yake tu, mapishi wakajifunzia ukweni.

Mwajabu alikuwa nao. Shemdoe hakujua. Enzi hizo mtu akikaa mbele ya kamera alifunga mdomo kama anasomewa hukumu.

4.
— Dada Mwajabu, kidevu juu. Usicheke.
— Wewe ndiye unanichekesha, kaka. Shati umelivaa nje ndani.
— Shati langu linakuhusu nini? Tulia. Usi—

Pwaa!

Taa ya kamera ikamkuta Mwajabu anacheka.

5.
Kwenye negativu, ile filamu inayotolewa picha, dunia imegeuzwa. Nywele nyeupe. Meno meusi. Na kila palipo na giza, mwanga.

Watu arobaini walipita studio siku ile. Shemdoe akainama juu ya kioo, macho yamechoka, akaona katikati ya meno ya Mwajabu kimstari cheupe, chembamba.

6.
Mkwaruzo.

7.
Ndivyo alivyosema. Akachukua penseli, akauziba. Taratibu. Kwa ustadi. Akipiga na mluzi.

8.
Mwajabu alipokuja kuchukua picha aliitazama mbele, akaigeuza, akatazama na nyuma.

— Huyu nani?
— Si ni wewe! Ila umetulia.
— Kaka, mwanya wangu umeupeleka wapi?

Shemdoe akamtazama mdomoni kwa mara ya kwanza. Akashika kichwa. Mwajabu alicheka mpaka akaketi chini, mtoto mgongoni naye akacheka bila kujua anachekea nini.

— Wiki ijayo nakutolea nyingine, dada. Nisamehe.
— Usihangaike. Mwanya ninao mwenyewe, hauendi popote.

Vuli haikwisha, Mwajabu akafariki.

Wiki ijayo hiyo haikufika.

9.
TANGAZO, MIAKA AROBAINI BAADAYE
Studio Maua inafungwa. Wenye picha na negativu waje kuzichukua kabla ya Ijumaa. Zitakazobaki zitachomwa moto. Wasiokuja wasije kulia mlangoni. — Shemdoe

10.
Alhamisi aliingia mwanamke wa makamo, picha ya zamani mkononi.

— Shikamoo, baba.
— Marahaba, mwanangu.
— Mimi Sikudhani, wa marehemu Mwajabu. Sina picha yake ila hii. Shangazi zangu wanasema tabasamu langu ni lake. Nalitafuta humu silioni.

Akatabasamu, mwanya ukaonekana. Shemdoe akatafuta kiti.

11.
(Penseli, kama ingeulizwa: mimi nilishikwa tu.)

12.
Negativu ilikuwepo. Sanduku la Idi, bahasha ya kumi na saba. Shemdoe alieleza yote, hakujificha, kisha akamimina tapentaini kwenye kisahani, akachovya pamba. Tapentaini huondoa penseli. Hilo analijua tangu ujana.

Pamba mkononi, akaiinua negativu kwenye mwanga.

— Mwanangu, hii imezeeka. Ona inavyobanduka pembeni. Nikiisugua, inaweza kuondoka penseli, ikaondoka na sura nzima.
— Sugua, baba.
— Hii ndiyo kazi yangu bora maishani! Miaka sita picha yake ilikaa dirishani, watu wakitoka Lushoto kusema wanataka kutoka kama yule mama.
— Sugua.
— Kwenye bahasha ni salama. Utatoa nyingine nzuri, kubwa, uitundike sebuleni. Kwa nini uhatarishe picha nzuri namna hii?

Pamba ikadondosha tone moja mezani.

— Picha nzuri ninayo miaka yote hii, baba. Mama ndiye sina.